Aliyeinua Kitambaa Chekundu

Mwanangu Editha,

Barua nilizofundishwa darasa la nne zote zilianza kwa kuulizana hali. Hali yangu unaijua. Umeniacha sasa hivi uani nachambua maharage, ukaenda Kabanga kumuaga shangazi yako. Maharage nimeyasogeza pembeni. Ninao muda mpaka utakaporudi, na mwanga wa jua bado upo, basi naandika kabla sijaogopa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kuficha hela kwenye soksi. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, mimi nakwenda kusoma urubani, siendi vitani." Nikacheka na wewe. Lakini neno lako lilinichoma, maana vita mimi naijua, na huo urubani wako ulizaliwa humo humo.

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi, ndani ya kile kitenge cha njano. Najua utaanza kupekua begi basi likishatoka pori la Biharamulo na wale askari wa bunduki wanaolisindikiza wakishashuka. Utaikuta. Utakuta na kitambaa chekundu kilichochakaa. Usishangae nimekitunza.

Kuna jambo nimekudanganya tangu una miaka minne. Kapteni naye, huyo atakayekufundisha, nilimdanganya. Nafasi aliyokupa chuoni kwake imesimama juu ya uongo wangu. Nataka ulijue kabla hujakaa mbele yake, halafu wewe ndiye utakayeamua. Huenda akiujua ukweli akakurudisha nyumbani. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Ile hadithi unaijua vizuri kuliko mimi. Umewasimulia wenzako shuleni, padri ameisema kanisani: Mama Editha, mlinzi wa kiwanja cha ndege, aliinua kitambaa chekundu, ndege ikaghairi kutua, watu wakapona. Kitambaa kiliinuliwa kweli. Watu walipona kweli, na wewe ukiwa mmoja wao. Ila aliyekiinua siyo mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, nisikimbie.

Mwaka ule wa mauaji ya Rwanda, maji ya mto Kagera yalituletea maiti kabla hayajatuletea wakimbizi. Nilikwenda Rusumo na bibi yako kuuza ndizi. Tulisimama pale juu tukaona vitu vinazunguka chini ya maporomoko, nikadhani ni magogo ya migomba. Bibi yako ndiye aliyenigeuza uso kwa mkono wake. Gogo moja lilikuwa na mtoto amefungwa mgongoni. Tulirudi na ndizi zetu zote, na nyumbani hatukula samaki mpaka nikaja kusahau ladha yake.

Kisha wakaja waliopona. Siku moja kilima kile ulichozoea kukiona kitupu kilikuwa na watu kuliko mji wowote niliowahi kuuona, na moshi wao ulifunika jua. Miti yetu ikakatwa. Visima vikakauka. Wengi walikuwa watu wa mateso tu, wametoka Rwanda, wengine Burundi, lakini ndani yao walikuwemo wenye mikono iliyokwishazoea, na bunduki zikaingia nao. Na sisi tuliokuwa wenyeji tukabadilika. Mtu aliyekuwa anakusalimia sasa alikutazama kwanza mikononi, umeshika nini.

Ndipo shirika lililokuwa linaleta dawa likachonga kiwanja cha ndege juu ya mgongo wa kilima, hapo hapo juu ya nyumba yetu. Kiwanja cha udongo mwekundu tu, na nguzo moja pembeni. Wakatafuta mtu wa kukaa pale afukuze ng'ombe na kuonyesha vitambaa. Cheupe, kiwanja kipo wazi. Chekundu, usitue. Nikapata mimi, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa jirani na nilijua kusoma jina langu.

Kapteni mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa Arusha, mrefu, anacheka kwa pua. Aliniambia, "Mama Editha, kitambaa hiki usikifunge popote. Kishike mkononi. Mimi nikiona kitambaa nataka nijue nyuma yake kuna macho."

"Hata nikichoka, Kapteni?"

"Ukichoka, kaa chini, lakini kitambaa kibaki mkononi."

Nilimtii kama miezi miwili. Baadaye nikaona ni usumbufu. Kazi za nyumbani zilikuwa zinanisubiri, na ndege nikiisikia kutoka upande wa Mwanza inachukua muda kufika. Nikaanza kufukuza ng'ombe, kufunga cheupe kwenye nguzo, kisha kukaa chini nichambue maharage yangu. Hakuna aliyegundua. Siku ya kwanza moyo ulinidunda, siku ya kumi nilishasahau kwamba niliwahi kuambiwa vingine. Editha, ndivyo kosa linavyokaa ndani ya mtu. Siku ya kwanza ulikuwa unalijua, baadaye unaliona ni kazi yenyewe.

Nilimtazama Kapteni miaka yote ile, na mambo yake nayakumbuka kuliko sala zangu. Kabla ya kuondoka aliizunguka ndege yake akiigusa kwa kiganja, bawa, mkia, matairi, mpaka arudi alipoanzia. Wakati huo ukimsalimia haitikii. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alimwita kwa sauti, akageuka akajibu, wakaongea maneno mawili matatu. Alipomaliza akarudi kwenye pua ya ndege akaanza upya.

Mwenyekiti akamcheka. "Kapteni, hapo si umeshapagusa?"

"Sijui," akasema. "Uliniita, nimesahau nilikuwa wapi."

Na mafuta aliyapima kwa kijiti, ingawa ndege ina saa yake ndani ya kuyaonyesha. Nilimuuliza kama saa imeharibika. Akasema, "Ni nzima. Lakini haijawahi kuanguka na mimi, kwa hiyo haiogopi." Mwanangu, ukiambiwa huko chuoni kwamba kitu kimeshakaguliwa, mshukuru aliyekwambia, kisha nenda ukakishike.

Panga la mbele la ndege usilisogelee hata likiwa limelala. Mbuzi wa jirani yetu Masanja alipita mbele ya ndege iliyokuwa inanguruma, na kilichobaki tulikiokota kwa majani ya migomba. Kuanzia hapo nilikuwa nakufunga kamba kiunoni ndege ikiwepo, kama ndama, na wewe unalia unataka kwenda kulishika panga linalozunguka.

Alikuwepo na rubani mwingine, kijana wa shati jeupe, mpole sana. Alikuja na bwana mkubwa aliyekuwa na mkutano. Walipotaka kuondoka wingu lilishashuka likakaa juu ya vilima kama kifuniko cha chungu. Niliinua chekundu. Kijana aliniona, nakuapia. Akamgeukia yule bwana, na yule bwana akainua mkono akatazama saa yake. Kijana akapanda. Tuliusikia mlio ukienda ndani ya wingu, ukageuka, ukakatika. Sisi wanawake ndio tuliotangulia kufika kule na vikapu vyetu. Mkono wa yule bwana tuliukuta peke yake umeegemea mgomba, na saa bado inatembea. Yule kijana mwili wake hatukuupata wote. Mama yake alikuja baadaye akaniuliza kama mwanawe alikuwa mzembe. Nikamwambia hapana, aliona haya kumwambia mkubwa kwamba anaogopa. Alilia vizuri zaidi baada ya hapo.

Kwa hiyo ukiogopa, sema. Useme kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata kwa Kihangaza chetu ikibidi. Na ukisemeshwa kwenye redio hukuelewa, mwambie arudie, hata kama wenzako wanacheka. Mimi mjini nilikuwa naitikia "ndiyo" kwa kila nisichokisikia, na siku moja nilijikuta nimekubali sindano isiyo yangu.

Sasa nifike pale ninapopakimbia.

Katika wakimbizi alikuwepo Mrundi mmoja mkata kuni. Kijana, mwembamba, jino la mbele limevunjika. Alipita kiwanjani karibu kila siku na panga lake na mzigo wa kuni kichwani, akapumzika kwenye kivuli changu. Kirundi chake na Kihangaza changu ni ndugu, hatukuhitaji Kiswahili. Niliwahi kumkaripia kwa kukata mti wangu. Kesho yake akaniletea mzigo wa kuni, akasema, "Ni mti wako, mama, nimekurudishia." Nikacheka, nikampa ndizi mbivu, tukazoeana. Wewe ulikuwa unamvuta panga. Ndiye aliyekuchongea kile kindege cha mti, ukasema baba yako ndiye aliyekuchongea kwa sababu mimi nilikwambia hivyo baadaye.

Alikuwa anauliza sana. "Mama, cheupe ni nini? Chekundu ni nini? Na ukiwa huna kitambaa?" Nikamfundisha. Mimi ndiye niliyemfundisha, Editha.

Wiki ile majambazi walikuwa wamevamia nyumba ya Masanja. Unamjua, yule Msukuma wa ng'ombe, kamanda wa sungusungu wanaolinda kijiji. Walimkata mkewe mapanga mlangoni, huku Masanja yuko zizini anaamkia ng'ombe. Nilisaidia kumuosha yule mama. Sitaandika tulichokiosha. Masanja hakulia msibani. Alikaa chini ya mti ananoa mkuki, anaunoa, mpaka watu wakaona haya kumwambia umeshanoleka.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa nne asubuhi, niliisikia ndege. Nikafukuza ng'ombe, nikafunga cheupe kwenye nguzo, nikakaa na maharage yangu, wewe ukichezea maganda. Hapo yowe likapigwa bondeni.

Wewe umekua ukisoma bweni, yowe hulijui vizuri. Likipigwa, kila mtu anatoka na alichoshika. Asiyetoka anaulizwa kesho yake kwa nini hakutoka, na mwaka ule hawakuwa wanauliza kwa mdomo. Bibi mmoja wa upande wa pili alibaki ndani kwa sababu ya miguu yake, wakasema anaficha wezi, wakamchomea nyumba. Nilifikiri hilo. Nikafikiri ndege bado iko mbali. Nikakwambia, "Kaa hapa." Nikashika jembe nikakimbia.

Kapteni alipoitwa jina tu alirudi kuanza upya. Mimi niliitwa na yowe nikaacha kila kitu nusu, na kitambaa cheupe kikabaki kwenye nguzo kinapepea, kinasema karibu, hakuna mtu, na nyuma yake hakuna macho.

Nilipofika chini kidogo nikakutana nao wanapanda mbio. Watu wengi, na ng'ombe wametawanyika katikati yao. Mbele yao alikuwa yule mkata kuni. Walimkuta karibu na zizi la Masanja na panga mkononi. Alikuwa anakwenda kukata kuni. Nani angemuuliza? Panga lilitosha.

Wakamfukuza mpaka juu ya kiwanja. Nikageuka nikawafuata. Ng'ambo ya kiwanja kulikuwa na pori, na yeye alikuwa na miguu. Nilimwona anafika ukingoni. Hatua kumi zaidi na tusingempata tena. Hapo ndege ikajitokeza mwisho wa kiwanja, iko chini, imeshatoa kichwa kuja kutua. Na katikati ya kiwanja ulikuwa umesimama wewe. Ulikuwa umenifuata. Ulikuwa umenyoosha mkono unaionyesha ndege.

Mimi sikuweza kupiga kelele. Nilisimama na jembe langu mkononi.

Yeye aligeuka. Aliitazama ndege, akakitazama kile cheupe kwenye nguzo, akakutazama wewe, kisha akarudi mbio kuelekea kwa watu waliokuwa wanamfukuza. Akalitupa panga. Akakunyakua akakutupa kwenye nyasi kama mzigo wa kuni, akalifikia sanduku langu la vitambaa pale nguzoni, akatoa chekundu, akasimama katikati kabisa akakiinua kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga kelele, "Indege, indege," ndege hiyo, ndege hiyo, na waliomfuata walidhani anawatukana.

Ndege ikanguruma, ikainua pua. Matairi yalipita juu yetu nikasikia joto lake usoni. Watu wakalala chini wote. Vumbi lilipotulia, yeye alikuwa bado amesimama na kitambaa. Hakukimbia tena. Nafikiri alidhani sasa tumeona.

Wakamkamata. Masanja akamnyang'anya kitambaa, akaniita mbele ya watu.

"Mama Editha, hiki si cha kwako?"

Nikasema, "Ni changu."

"Mnaona?" Masanja akawaambia wenzake. "Hata kitambaa cha kiwanja anaiba."

Yule kijana akanitazama. Damu ilikuwa inamtoka puani, na lile jino lililovunjika lilionekana kwa sababu alikuwa kama anataka kutabasamu, kama mtu aliyemwona anayemjua. Akaniambia kwa lugha yetu, "Mama, babwire." Waambie.

Nilikuwa najua kila kitu. Usije ukanitetea moyoni mwako kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua, na nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikisema aliinua kuzuia ndege, wataniuliza wewe mlinzi ulikuwa wapi, na cheupe kilifungwa na nani. Nikinyamaza, hakuna atakayeuliza. Nikanyamaza. Wakaanza kwa fimbo, wakaja mawe, wakamaliza kwa panga lake mwenyewe. Mtu wa pembeni yangu akaniuliza, "Wewe mbona umesimama?" Nikaokota jiwe nikarusha. Lilikuwa dogo. Lilimpata begani. Hakulitazama jiwe, alinitazama mimi.

Kapteni alizunguka, akatua kiwanja kilipokuwa wazi. Alishuka akaja moja kwa moja kwetu. "Nani aliinua chekundu?" akauliza. "Niliona wekundu, sikuona mtu."

Watu walitazamana. Waliotakiwa kulijibu swali lile walikuwa na damu mikononi, na hakuna aliyetaka maelezo marefu. Mwanamke mmoja akasema, "Si Mama Editha? Kitambaa ni chake." Kapteni akavua kofia. Akanishika mikono yote miwili, na mkono wangu wa kulia bado ulikuwa na udongo wa lile jiwe.

"Na huyu ni nani?" akauliza, akionyesha pale chini tulipofunika majani.

"Mwizi," wakamjibu.

Akatikisa kichwa akageuka. Akakuinua wewe kutoka kwenye nyasi, akakukalisha ndani ya ndege unyamaze kulia. Huko ndiko urubani wako ulikoanza.

Jioni nilimwambia baba yako, Mungu amrehemu. Akasukuma sahani yake pembeni. Akasema, "Ukisema, kazi imekwenda. Na Masanja atakuuliza kwa nini hukusema mapema. Nyamaza, mke wangu. Wafu hawana njaa." Simlaumu. Nilikuwa nimekwishanyamaza kabla hajaniambia.

Siku ya nne mke wa yule kijana akaja kiwanjani, na mtoto mgongoni. Hakuja kudai maiti. Aliuliza panga, kwa sababu bila panga hawezi kukata kuni, na bila kuni watoto hawali. Panga lilikuwa kwa Masanja. Nikampa ndizi. Akaniambia, "Mume wangu hakuwa mwizi." Nikamjibu, "Mimi sijui." Maneno hayo mawili ndiyo yanayonirudia nikienda kupokea komunyo, zaidi ya jiwe. Aliondoka na ndizi zake. Watoto wake wamekulia kambini wakiitwa watoto wa mwizi. Nimewasikia kwa masikio yangu wakiitwa hivyo sokoni, nikapita.

Na wewe. Miaka mingi ulikuwa unaamka unaniambia, "Mama, nimemwota tena yule mtu wa kitambaa, amenitupa." Nikakwambia ni ndoto, kunywa maji ulale. Ulipofika darasa la tatu ukaacha kuniambia. Nilifurahi ulipoacha. Mtoto wangu alikuwa ana kumbukumbu ya kweli, nami nikaifundisha iitwe ndoto.

Kapteni hakutusahau. Daftari, viatu, ile siku alipokupandisha una miaka tisa ukarudi hutaki kula, na sasa hii nafasi. Kila alipokuja alisema, "Deni langu kwa mama yako haliishi." Kila aliposema nilikwenda jikoni.

Nimefikiri nikuache uende tu. Uwe rubani kwanza, nikuambie ukishapata cheti. Lakini nakumbuka siku moja nilimuuliza Kapteni ni nini kinachoua marubani wanafunzi, upepo au mashine. Akasema, "Mashine mara chache. Wengi huwa wameshaona kwamba wanakuja vibaya, lakini wameshawaambia watu wanakuja, basi wanaendelea." Akaniambia kughairi kutua siyo kushindwa. Unaongeza moto, unapanda, unazunguka, unakuja upya. Vibaya ni kuona kwamba siyo na bado ukashuka.

Mimi niliona kwamba siyo, nikashuka. Nimekuwa nashuka tangu una miaka minne.

Utafika siku utakuwa peke yako ndani ya ndege, mwalimu amebaki chini. Utakosea kitu. Kila mtu anakosea. Utakuwa na daftari lako la safari na kalamu, na hakuna aliyekuona. Andika. Mwambie mwalimu, hata akikufokea, hata akikuzuia kuruka mwezi mzima. Kosa langu la kwanza lilikuwa fundo tu kwenye nguzo. Kama ningemwambia Kapteni siku ile ya kwanza, "Nilikifunga," angenigombeza, ningelia kidogo, na kijana yule leo angekuwa na mvi.

Mpe Kapteni barua hii kabla hajakugusisha ndege. Sikulazimishi, wewe ndiye utakayekuwa umeketi pale. Ila nakuomba. Akikufukuza, njoo nyumbani, tutalima, na unichukie ukiwa hapa ninakuona. Asipokufukuza, jua kwamba kuanzia siku hiyo unaruka kwa nafasi yako mwenyewe. Kitambaa ni chenu nyote wawili, wewe na Kapteni. Lile doa jeusi pembeni siyo mafuta.

Mimi nami nina safari yangu. Umeyaona malori yanayowarudisha Warundi kwao. Wanasema wiki hii kambi inamalizika. Mke wa yule mkata kuni bado yupo, nimeuliza. Kesho nikishaona basi lako limekata kona, sirudi nyumbani. Nakwenda kambini nimwambie mbele ya watoto wake, nimwambie lote, na jiwe. Nikitoka huko nitapita kwa Masanja. Amezeeka lakini mkuki bado upo ukutani, na sijui atalipokea vipi, maana yeye pia miaka yote hii ameamini alimuua mwizi, na sasa nakwenda kumnyang'anya usingizi wake. Usirudi kwa ajili hiyo. Hata ukisikia lolote, usishuke kwenye basi.

Nasikia mbwa wanabweka njiani, nadhani ni wewe unakuja. Utanikuta nachambua maharage. Utaniuliza mbona macho mekundu, nitasema ni moshi, na utakuwa uongo wangu wa mwisho kwako.

Wakikuuliza huko nani aliinua kitambaa, usiseme mama yangu. Sema Nyandwi. Wewe unajua maana yake, kwao kama kwetu: mtoto wa saba. Alikuwa na mama aliyehesabu mpaka saba. Na yule mtu aliyekutupa kwenye nyasi, mwanangu, hukumwota.

Mimi mama yako,
Skolastika